Mwalimu Aliyeweka Visiwa Sebuleni

Ukimsalimia Mwalimu asubuhi, usitegemee kupata habari za Karatu. Unamwambia, "Shikamoo Mwalimu, mmeamkaje?" naye anakujibu, "Marahaba. Faroe wameamka na ukungu, meli ya asubuhi imechelewa." Mara ya kwanza nilifikiri Faroe ni mtaa mpya kule nyuma ya mnada. Nikamwuliza hiyo meli imebeba nini. Akanitazama kwa huruma ileile aliyonitazama nayo darasani, akasema, "Mama Shamsa, wewe Jiografia hukuipenda tangu zamani."

Kweli sikuipenda, na yeye ndiye aliyeifundisha. Alitusimamisha kwenye vumbi jekundu lililotufika magotini, akatuimbisha kwamba kisiwa ni sehemu ya nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Tukaimba. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona bahari, na yeye mwenyewe hakuwahi kuiona, ila fimbo alikuwa nayo, kwa hiyo tuliamini.

Sasa ni jirani yangu, tumetenganishwa na uzio wa michongoma. Mimi nauza sare za shule, mablanketi na mashuka hapa barabara kuu, na nyumba yangu iko nyuma ya duka. Dirisha la sebule yake linatazamana na mlango wangu wa uani. Ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona nimeambiwa na mkewe, Mama Paskalina, ambaye hajui kuficha.

Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe, pikipiki, shamba la vitunguu kule Mang'ola. Yeye alinunua televisheni pana kiasi cha kuziba picha ya harusi yake ukutani, akavuta intaneti, akaanza kutembelea visiwa. Kwa asiyejua, duniani kuna watu wanaofunga kamera juu ya nguzo, wakaielekeza gatini au ufukweni, kisha wakaiacha inaonyesha moja kwa moja mchana na usiku. Hakuna mtangazaji wala muziki. Ni maji, gati, ndege wawili watatu, na labda mtu anapita na ndoo. Mwalimu anaweza kukaa mbele ya hayo kuanzia chai mpaka chakula cha mchana, na ndoo ikipita anamwita mkewe aje kuona.

Alikuwa na koti moja zito la sufi, la mitumba, ambalo ndilo lililokuwa likitujulisha yuko wapi. Akiwa Faroe au visiwa vingine vya kaskazini ya baridi analivaa na kulifunga vifungo vyote. Akihamia nchi za joto analivua na kulitundika mlangoni. Ukimwuliza Mama Paskalina kama mzee yupo, anachungulia ndani na kukwambia, "Yupo, ila amevua koti. Leo yuko Ushelisheli." Wateja wangu walikuwa wakicheka mpaka wanasahau kuomba wapunguziwe.

Mambo ya hali ya hewa ndiyo yaliyotuchosha. Kulikuwa na jua kali la kukausha mahindi, yeye anamfokea mkewe aanue nguo, kwa sababu kule alikotoka wingu limeshuka mpaka baharini. Siku nyingine mvua ya mlima Oldeani inatelemka kweli, tunakimbia kuokoa mahindi yetu, yeye amekaa dirishani anatuambia hakuna haja ya haraka, upepo umegeuka. Mahindi yake yalilowa. Akayatazama, akasema kwamba katika visiwa mahindi hayastawi hata hivyo.

Na mtu huyu anaogopa maji. Lile korongo la kwenda shambani kwao Ganako likipitisha maji kidogo wakati wa masika, wanawake wanavuka na mizigo kichwani huku wakipiga soga. Mwalimu anasimama ukingoni na mwamvuli wake mpaka maji yaishe. Ukimwuliza, anasema anasoma mkondo. Parokia yao ilipofanya safari ya kwenda Ziwa Manyara, yeye alibaki ndani ya basi, amefunga vioo, anawaeleza waliobaki naye namna meli kubwa inavyogeuka bandarini. Waliobaki naye walikuwa dereva na bibi mmoja aliyelala.

Sisemi kwamba alikuwa mjinga. Jambo lililoniudhi ni kwamba hakuwa mjinga. Kila alfajiri magari ya watalii yanapita mbele ya duka langu kuelekea geti la hifadhi, yamejaa watu waliovuka nusu ya dunia ili wakamwone faru kwa mbali kupitia kioo. Mwalimu, ambaye ameishi jirani na ile Kreta maisha yake yote na hajawahi kushuka ndani yake, amekaa sebuleni anaangalia kwao kupitia kioo. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, si mngebadilishana tu nyumba?" Hakukasirika. Akaniambia kwamba na wao wana wazee wao waliokaa majumbani na makoti, wanaangalia tembo wetu wakinywa maji kwenye kamera. "Tunaangaliana, Mama Shamsa," akasema. "Tatizo ni kwamba hakuna anayekaribishwa." Alisema hivyo halafu akamwomba mkewe aongeze sauti, kusikia mawimbi.

Kisa cha kofia ya njano kilivuka mipaka. Kwenye kisiwa kimoja cha huko kaskazini kulikuwa na mvuvi mzee mwenye kofia ya njano, kila asubuhi anashuka gatini na mbwa wake. Mwalimu alimzoea akawa anamwita "yule bwana." Yule bwana leo amechelewa. Yule bwana ana mguu unamsumbua. Basi yule bwana akakosekana siku kadhaa. Mwalimu akaacha kula. Jioni ya jumuiya, walipofika kwenye maombi, akasimama na kuomba wanajumuiya wamwombee mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa au pengine amefariki, baharini. Watu wakadhani ni ndugu yake. Wakasali rozari nzima, mama mmoja akalia. Baada ya muda yule bwana akatokea na kofia yake, amenona, na ngozi imeiva kwa jua. Alikuwa likizo.

Nilicheka kisa hicho kwa siku nyingi. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka kwamba Mwalimu alikuwa na mtu wake wa damu kisiwani, na huyo hakuwahi kumtaja jumuiyani hata mara moja.

Paskalina, binti yao wa pekee, alisomea ualimu kama baba yake, serikali ikampangia kazi Mafia. Ungedhani mwalimu wa Jiografia atachinja mbuzi. Alisema atamwombea uhamisho. Siku binti anaondoka, baba alikuwa na koti lake kaskazini huko, akamuaga kwa mkono mmoja bila kugeuza shingo. Paskalina akaenda, akafundisha, akampenda fundi wa mashine za boti, Mwislamu wa hapohapo Kilindoni, wakafunga ndoa bomani kwa mkuu wa wilaya. Mwalimu hakwenda. Mbele yangu, mimi niliyejifunga mtandio, alisema watu wa pwani ni wavivu na hawajui jembe. Nikamwuliza hao anaowaangalia kutwa nzima wanalima nini. Akasema wale ni tofauti, wale wana baridi.

Lakini mlango hakuufunga kabisa. Alisema kama wanamtaka, waje wenyewe kwa desturi. Kwenye ukoo wake, wakwe wakija kujitambulisha hawagongi mlango. Wanakaa nje kwenye benchi na asali yao, na hakuna anayewasalimia wala kuwaletea hata maji. Wanakaa mpaka jua lianze kuzama. Hapo baba wa binti anatoka na koti lake, anauliza kwa sauti, "Nani wako mlangoni pangu?" Wakijitaja, yamekwisha, wameshakuwa ndugu, kinachofuata ni kula. Kumweka mkwe nje ndiyo heshima yenyewe. Kumkaribisha haraka ni kama kumwambia kwamba binti hana thamani.

Familia ya kijana ikamtuma baba yake mkubwa, mzee wa makamo ya Mwalimu, mwenye kanzu nyeupe na makubadhi. Paskalina alimwambia abebe asali, akabeba kopo zima. Jambo la benchi alimweleza, ila nadhani mzee alilisikia kama tunavyosikia maelezo ya mtu mwingine, kwa sikio moja. Alivuka bahari, akapanda mabasi, akafika Karatu mchana wa Julai. Anayeijua Julai yetu hahitaji kuambiwa. Upepo unatoka msituni juu kule, unapita ndani ya sweta, na mzee wa watu alikuwa na kanzu.

Alipiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Mama Paskalina alikuwa jikoni anapika kwa ajili yake, machozi yanamtoka, haruhusiwi kujibu. Mwalimu alikuwa sebuleni amelivaa koti tangu asubuhi, hathubutu kuchungulia dirishani asije akaonekana ana haraka. Ili muda uende, akawasha televisheni. Kwa hiyo yule mzee, aliyetoka kuvuka bahari yenyewe, alikaa kwenye benchi anatetemeka, huku ndani anasikia mwenye nyumba akisema kwa furaha, "Hao wanaingia! Boti inafunga kamba!"

Mimi nilikuwa Arusha kuchukua mzigo. Niliporudi jioni nilimkuta mzee sebuleni kwangu, watu wa msikitini wamemleta, midomo imebadilika rangi. Nikatoa shuka jekundu dukani nikamfunika. Nikamweleza desturi, nikamsihi arudi, jua bado lilikuwa na dakika zake.

"Mwanangu," akasema, "kwetu hata paka wa jirani huambiwa karibu."

"Baba, hivyo ndivyo wanavyoheshimu."

"Basi mimi heshima hiyo siiwezi. Mtu anatazama vyombo vya wenzake vinaingia bandarini, na mimi niko mlangoni kwake!"

Alipokuwa akisema hayo, Mwalimu alikuwa ametoka nje. Nilimwona kupitia uani kwangu. Amejifunga vifungo vyote, kofia mkononi, amesimama wima kama siku ya ukaguzi wa shule. Akauliza kwa sauti ile ya darasani, "Nani wako mlangoni pangu?" Benchi lilikuwa tupu. Kopo la asali lilikuwa chini yake. Aliuliza mara ya pili, polepole, halafu akaingia ndani. Nilimwendea jioni ileile, usiku haujaingia vizuri, nikamwambia mgeni yuko kwangu, hatua chache tu. Akasema yeye ndiye aliyeachwa, na kwamba watu wa pwani hawana subira. Mzee aliondoka na basi la asubuhi, shuka langu mabegani. Nikawachukia wote wawili.

Tangu hapo neno Mafia halikutajwa mle ndani. Mtoto akazaliwa, wa kiume, Mama Paskalina akaenda kumwogesha na kurudi. Mwalimu hakuuliza hata jina. Alizidisha visiwa. Alijua saa za meli za Uskochi kuliko saa za misa. Nilimwuliza kwa kebehi, na nilikusudia neno limwume, "Mwalimu, Mafia nacho si kisiwa? Au maji hayakizunguki pande zote?" Akasema, "Kule hakuna kamera." Nikamwona ni mtu mwenye roho ngumu kuliko wote niliowahi kuwajua, na nilikuwa tayari kumwambia hivyo.

Kisha siku moja, mezani, akiwa anamenya kiazi, akamwambia mkewe, "Paskalina anambeba mtoto upande mmoja tu. Mwambie abadilishe, atapinda mgongo."

Mama Paskalina akaweka kijiko chini. "Umemwona wapi?"

Ndivyo alivyokamatwa. Kumbe nyumba moja ya wageni karibu na gati la Kilindoni ilikuwa imefunga kamera yake kwa ajili ya watalii, na Mwalimu aliipata siku nyingi kabla yetu. Sisi tukidhani yuko Faroe, yeye yuko Mafia. Koti alilivaa makusudi ili atudanganye. Alimjua binti yake kwa mwendo, kwa sababu anatembea kama mtu wa milimani, kisigino kwanza, hata kwenye mchanga. Alijua anapita saa ngapi kwenda shule, alijua siku mtoto alipoanza kutembea mwenyewe. Nilipoambiwa nilikasirika zaidi. Mwizi wa kuku ana aibu kuliko hivyo. Amemwangalia mwanawe kama anavyomwangalia yule bwana wa kofia ya njano, na kupiga simu hataki!

Mama Paskalina hakukasirika. Alikwenda nyuma ya banda la kuku akampigia binti yake simu, wakaongea mpaka salio likakata.

Jumapili iliyofuata, mchana, aliniita kupitia uzio. "Njoo uone. Njoo haraka, aisee."

Nikaingia. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya sebule. Kwenye kioo lilionekana gati, na mbele ya kamera kabisa, mahali ambapo siku zote palikuwa wazi, pamewekwa benchi. Juu yake wamekaa Paskalina na mtoto, mumewe katika shati lililopigwa pasi, na yule mzee. Katika joto lile la Mafia, mzee alikuwa amejifunika lile shuka langu jekundu. Miguuni kwao kulikuwa na kopo la asali. Hawakupunga mikono wala hawakuongea. Wapita njia wanawasalimia, wao wanaitikia kwa kichwa tu na kubaki wameikabili kamera.

"Wanafanya nini hawa?" Mwalimu akauliza, ingawa alijua.

"Wako mlangoni kwako," mkewe akasema.

Wakakaa. Jasho lilimtoka mzee mpaka tukaliona, akalifuta kwa ncha ya shuka, hakulivua. Mtoto alilala, akaamka, akalia, akanyamazishwa. Sisi nasi tukakaa. Mwalimu hakukaa. Jua lilipoanza kushuka alikwenda mlangoni akachukua koti, akafunga vifungo kimoja kimoja, akafungua mlango wa mbele, akatazama benchi lake tupu. Akarudi akasimama mbele ya televisheni. "Nani wako mlangoni pangu?" akauliza.

Pale kwenye kioo Paskalina alimfukuza nzi usoni pa mtoto.

"Nani wako mlangoni pangu?"

"Hawakusikii, mzee," Mama Paskalina akasema. "Panda basi."

Akapanda. Sikuamini mpaka nilipomwona kituoni na mfuko wake wa rambo, uso umemvimba. Alikataza mtu yeyote asiwapigie simu, kwani mkwe hatangazwi. Mtu aliyeshindwa korongo la Ganako kwenye maji ya magotini alikuwa anakwenda Nyamisati kupanda boti.

Siku niliyohesabu kwamba atafika nilimsindikiza Mama Paskalina sebuleni kwake. Nilimwambia nakuja kumliwaza. Boti ilipofunga kamba walishuka abiria wote, tukakata tamaa, halafu akatokea yeye, ameshikwa huku na huku na vijana wawili, koti limelowa, kofia hana, ametapika kila alichokula tangu Karatu. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wale vijana wakamwachia. Akasimama peke yake, maji pande zote, akatafuta kwa macho, akaliona benchi. Lilikuwa bado palepale. Akaenda, akakaa, akaweka mfuko miguuni, akatazama mbele.

Watu wakapita. Hakuna aliyemjua.

"Mpigie Paskalina," nikamwambia Mama Paskalina.

"Alisema nisipige."

"Atakufa na joto na lile koti!"

"Mwache akae."

Alikaa. Jua lilikuwa bado juu kabisa. Mwanamke mmoja akampita na ndoo, muuza maji akampita, na mimi nilijikuta nimesimama mbele ya kioo, kidole juu, napiga kelele, "Mkaribisheni! Nyie, mkaribisheni mzee wa watu, jamani!"

Ndipo yule mzee wa kanzu alipotokea mwisho wa gati. Nadhani kuna mtu alimwambia kwamba kuna kichaa amevaa koti la sufi. Alikuja anakimbia, kanzu ameikusanya mkononi, akafika, akauchukua mfuko, akamshika Mwalimu mkono amwinue. Mwalimu hakuinuka. Alinyoosha kidole angani, akamwonyesha jua lilipo.

Mzee akalitazama jua. Akamtazama Mwalimu. Akaurudisha mfuko chini, akaipanga kanzu yake, akakaa naye kwenye benchi.

Wakangoja wote wawili. Baadaye akaja Paskalina na visigino vyake, amembeba mtoto upande ule mwingine, akakaa chini mbele yao. Duka langu lilikuwa wazi na wateja walikuwa wanaita. Sikuinuka mpaka jua lilipozama, kule kwao na huku kwetu.